Barua Tatu Zilizonifikia Kinyume

Makanyagio, Mpanda
Jumapili, baada ya misa

Mke wangu, Mama Anastazia,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu, lakini sijui nikuulize vipi kama hujambo, maana najua sasa kwamba hali yako si njema. Na mimi pia, ijapokuwa mwili unatembea na chakula unakula. Mama anaendeleaje na miguu yake? Mpunga wa bondeni umeshaanza kuchanua, au ndege hawawapi nafasi? Nauliza haya kwa sababu sijui pa kuanzia.

Nakuomba uisome barua hii mpaka mwisho kabla hujaichana.

Barua zako zote tatu nimezipata. Zimenifikia kinyume, ya tatu kwanza, kisha ya pili, na ile ya kwanza nimeipata juzi Ijumaa. Nitakueleza ilivyokuwa, nawe utahukumu.

Unajua kazi yetu ni kufyeka pori ili mbung'o wanaoleta malale wakose kivuli. Sehemu moja ikiisha tunang'oa mahema tunasogea mbele. Tangu mvua zianze tumehama mara nne. Kila tulipohama nilijiambia, ngoja tutulie, nitamwandikia mke wangu mahali pa kweli pa kutuma barua. Hatukutulia. Sitamsingizia posta wala karani wa kambi. Anwani uliyokuwa nayo nilikupa mimi, na ni mimi niliyeondoka pale bila kumwachia mtu neno niendako.

Barua ya tatu ililetwa na lori la posho. Nilikuwa nimekaa kwenye gogo nanoa panga. Nilipoona mwandiko wako nilifurahi, nikaifungua palepale mbele ya wenzangu. Uliandika: "Matanga tumeshaanua. Nimelia mpaka nimenyamaza. Nilidhani ungeandika hata mstari mmoja. Mpunga ukishavunwa narudi kwa kaka yangu Ikola, usijisumbue kunitafuta." Basi. Jina la marehemu halikuwemo, maana ulikwisha kulitaja katika barua ambayo mimi sikuwa nimeiona.

Mnyapara wetu ni Mnyamwezi mmoja mtu mzima, anaitwa Mihambo. Aliona panga limenianguka akaja.

"Kuna nini, Kasiani?"

"Nimefiwa, mzee."

"Na nani?"

"Sijui."

"Umefiwa na hujui umefiwa na nani?"

Nikampa barua. Hajui kusoma, lakini aliishika akaiangalia muda mrefu, kisha akanirudishia. Akasema, "Nenda kazitafute hizo nyingine. Karani nitamwambia nimekutuma mimi."

Sasa hapa, mke wangu, usimsomee Mama. Nilitembea siku mbili kurudi kwenye kambi yetu ya mtoni tuliyoihama, na njia nzima nilikuwa nahesabu watu wa nyumba yetu. Hatuko wengi. Wewe uko hai, maana umeandika. Wamebaki wawili, Mama na mtoto. Nikamwomba Mungu aliyekufa awe ni mama yangu. Sikumwomba mara moja, nilimwomba siku mbili, kwa rozari mkononi. Mama aliyenizaa, aliyenibeba mgongoni kutoka Ufipa wakati wa njaa, nilimtoa hivyo. Bado sijaungama. Nimekwambia wewe kwanza.

Pale mtoni amebaki mzee mmoja Mkonongo, Mzee Maganga, analinda mapipa na majembe mpaka lori lije kuyachukua. Aliniona ninavyovuka akasimama mlangoni.

"Wewe ndiye Kasiani?"

"Ndiye."

"Una kitu chako hapa."

Alikuwa ameiweka barua yako ya pili ndani ya kopo la chai, akalining'iniza kwenye mwamba wa paa ili mchwa wasiifikie. Akasema, "Mimi sisomi. Nilimwuliza dereva wa lori lililopita, akanisomea jina, akasema kikosi chenu hajui kimeelekea wapi. Nikaona niitunze tu, mwenyewe atakuja."

Niliisoma nimesimama. Umeandika kwamba surua ilimshukia kifuani, na kwamba Anastazia alitutoka Alhamisi mchana, umempakata. Umeandika kwamba hukutaka wamchukue mikononi mwako mpaka jirani yetu Mama Veronika alipokuja kusema nawe taratibu.

Mzee Maganga aliuliza, "Habari ya nani?"

Nikasema, "Ya mtoto wangu."

"Unao wangapi?"

"Ni huyo tu."

Hakunipa pole wakati ule. Alinipokea panga, akaliegesha ukutani, akaenda kubandika maji ya uji. Kesho yake alinisindikiza mpaka ng'ambo ya mto, na ndipo aliposema pole, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Barua ya kwanza haikuwa kambini wala mtoni, nikajua imekwama posta, kwa hiyo sikurudi kambini, nilikuja moja kwa moja Mpanda. Yule wa dirishani alichambua fungu la barua zisizo na wenyewe, akanipa. Nikakaa kwenye ngazi za nje nikaifungua. Ndani yake mtoto alikuwa hai.

Uliandika ana homa na macho mekundu. Padre anasema apelekwe hospitali, Mama anasema tungoje vipele vitoke vyote kwanza, nawe unaniuliza: "Niambie nifanyeje." Halafu chini kabisa ukaandika kwamba mtoto anauliza kama huku niliko kuna ziwa, na kama halipo, baba anaoga wapi. Mama Anastazia, nilikaa pale nikajikuta natafuta jibu. Nikasema kwa sauti, "Mpeleke." Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza karanga akageuka akaniangalia. Nikasema tena, "Mpeleke." Ndipo nikakumbuka kwamba nimeshaisoma barua inayofuata.

Sijui uliamua vipi. Vyovyote ulivyoamua, hukukosea. Ulikuwa peke yako kwa sababu yangu. Mstari huu usome mara mbili.

Kuna mzee hapa Makanyagio, fundi cherehani, anaitwa Mzee Rajabu. Ni Mwislamu, mtu wa Ujiji, alifika na reli. Yule muuza karanga ni mkewe, ndiye aliyenichukua kutoka pale kwenye ngazi akanipeleka kwake. Nimelala kwao tangu juzi. Nilipomweleza mzee habari ya barua alisimamisha cherehani akasema, "Mimi sihami. Tumieni jina langu." Kwa hiyo kuanzia sasa, bahasha uandike jina langu, chini yake kwa Mzee Rajabu, fundi cherehani, Makanyagio, Posta Mpanda. Jina la kambi usiliandike kabisa, hata nikikutajia. Dereva wa lori letu hupita hapa kila anapokuja kuchukua posho, nimekwisha kusema naye na ameona nyumba. Nami kila tukihama nitamwambia yeye kabla sijakunja blanketi.

Na juu ya kila barua andika namba, moja, mbili, tatu, ili nikipata ya tano bila ya nne nijue kuna iliyopotea. Habari kubwa usiiseme mara moja tu. Irudie katika barua inayofuata, hata kama unadhani nimekwisha kuisoma. Pia wachuuzi wa dagaa wanaotoka huko nyumbani Karema huja sokoni hapa, wote wanamjua Mzee Rajabu, anawashonea magunia. Likiwapo jambo la haraka, mpe mmoja wao karatasi mkononi, na nyingine peleka posta. Hata hii nampa mchuuzi anayerudi kesho, na nakala yake nimeitia stempu.

Naona aibu kukuandikia mambo haya leo. Yangekuwa na faida wakati mtoto ana homa.

Nimeomba ruhusa kwa karani wa kambi, aliyekuja jana na lori la posho. Karani amesema nisubiri tumalize kipande tulicho nacho, mwezi ukiandama nitakuja na lori la wachuuzi. Kama utakuwa umeshakwenda Ikola, sitakulaumu wala sitatuma wazee wakurudishe. Lakini kama ungali hapo Karema, nakuomba kitu kimoja. Sitakuja nyumbani kwanza. Nitashuka misheni, nitasimama kwenye lango la makaburi. Kama hutaki kuniona, mtume mtu yeyote anionyeshe, maana nimefikiri sana na sijui mtoto wangu mmemlaza upande gani.

Nisalimie Mama, mwambie nitamtafutia dawa ya kuchua miguu. Mama Veronika mwambie nimesikia alilofanya, sina la kumlipa. Katekista aliyeongoza sala mazishini mpe mkono wangu. Kaka yako wa Ikola naye msalimie, mwambie shemeji yake hakunyamaza kwa kiburi. Mzee Rajabu na mkewe wanakupa pole, wamenisisitizia niiandike.

Mungu akushike.

Ni mimi mume wako,
Kasiani
(Hii ni namba moja.)