Fundo la Babu Joshua

Zuzu, Dodoma

Kwako Bartolomayo, mwenzangu wa jando moja,

Pokea salamu zangu zikiwa bado na vumbi la huku. Natumaini goti lako limeacha kulalamika, na kwamba Paulina bado anakuvumilia, jambo ambalo hata padri ameshindwa kulieleza. Sisi tu wazima. Tereza amepona macho, kwa bahati yangu mbaya, maana sasa anaona kila ninachofanya.

Nimechukua kalamu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Vaa miwani usome taratibu. Shule yetu iliishia darasa la nne wote wawili, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Unajua nilivyoharibika tangu jirani yangu Wambura, yule mtumishi wa serikali, alete king'amuzi. Kila Jumapili baada ya misa tunaangalia vipindi vya mauaji ya kweli ya huko Ulaya. Maiti mmoja, wataalamu kumi, wote wamevaa meupe kama warina asali. Wanaokota unywele, wanautia kwenye mashine, mashine inataja jina la mtu. Wambura ananitafsiria Kiingereza, nami namsahihisha upelelezi, kwa kuwa vile vitabu tulivyosoma mimi na wewe machungani vilinifundisha kazi hiyo kabla yeye hajazaliwa. Unakikumbuka kile kitabu ambamo mwuaji alikuwa rafiki wa mpelelezi? Ulikitupa vichakani ukasema mwandishi ni mwongo, binadamu wa namna hiyo hayupo.

Basi lilipoibwa dume langu Mheshimiwa (nililipa jina hilo kwa sababu linakula sana na halilimi), nikasema zamu yangu imefika. Tulikuwa mjini kwa daktari wa macho, tukalala kwa binti yetu Edina. Kurudi asubuhi, zizi limefungwa vizuri, ndama wote wamo, dume hakuna. Nikachana kanga ya Tereza nikazungushia eneo la tukio, na kesi ya kanga hiyo bado inaendelea nyumbani. Nikavaa mikononi mifuko ya nailoni, ile iliyopigwa marufuku, mbele ya askari. Nikapulizia unga wa mtama kwenye nguzo ili nipate alama za vidole, mbuzi wakaja wakalamba ushahidi. Kamba ya mkonge ya lango sikuifungua. Niliikata mbali na fundo, nikaitia kwenye mfuko mmoja wa nailoni kama kielelezo. Askari akaniuliza nimeibiwa dume au akili, na mfuko akaniachia.

Aliyechukuliwa ni Matonya, mchungaji wangu, kwa kuwa nyayo za katambuga zake za matairi zilijaa zizini. Zingejaa wapi, kanisani? Lakini mtu mzima mwenye busara, aliyefika kunipa pole hata kabla sijampigia simu, alizionyesha kwa fimbo akamwambia askari amwangalie vizuri kijana huyo. Mtu huyo ni wewe. Nilikushukuru, nikakuchinjia jogoo, na paja ulikula wewe.

Hadi leo Matonya yuko mahabusu. Mkewe, Elieth, anakuja kila asubuhi na mtoto mgongoni, anakaa kwenye kizingiti changu. Haombi, halaumu. Ananiamkia shikamoo tu. Bartolomayo, kuitikia marahaba hakujawahi kunishinda kama sasa.

Juzi nilikuwa nabangua karanga, nikautoa ule mfuko kuutazama tena. Nikaona fundo, nikacheka peke yangu, maana lilikuwa langu. Ni lile tulilofundishwa na babu yangu Joshua, aliyeacha kidole gumba kwenye mashine ya mkonge, akawa anapitisha kamba kwa chini na kuibana kwa kidole cha kati. Baba na wajomba walifunga kama watu wengine. Mimi na wewe tu, watoto wa machungani, tulimwiga, tukaona ndio ustadi. Kisha kicheko kikaniishia. Lango lilifungwa jioni ile na Matonya, mimi nikiwa mjini, na Matonya fundo la babu hajawahi kuliweza. Hulifungua kwa kulilaani, kisha hufunga la kwake. Nikajihoji vikali kama wanavyofanya kwenye televisheni. Ulikuwa wapi, mzee Damas? Kwa daktari wa macho. Nani shahidi? Tereza. Nikajiachia huru. Akabaki mmoja.

Mwizi wa kawaida angeliacha lango wazi akakimbia. Wewe ulitoa dume, ukasimama, ukafunga, ili fisi asiingie kwa ndama wangu. Mikono yako ilikataa kuacha zizi wazi, hivyo ndivyo tulivyolelewa. Umeniibia, ukanilindia kilichobaki, halafu ukaja kula jogoo wangu na kumtia mtoto wa mwenzio ndani. La dume nisingelitilia maanani. Ungeniomba ningekupa, nikakutukana kidogo, tukamaliza. Lakini ulinitazama usoni ukanipa pole, nami nikakulilia begani. Hilo sijui nilipeleke kwa mtaalamu gani.

Barua hii anakuletea Sila, anayekuja mnadani huko Chemba, na nimemwambia akukabidhi mkononi. Jumatatu asubuhi mimi na Elieth tunaipeleka kamba kituoni, na safari hii nitakaa mpaka mkubwa wao anisikilize. Ukitangulia kusema mwenyewe, itakuwa vizuri kwako. Ukitukuta kwenye benchi, nitakusogezea nafasi ukae. Usipokuja, fundo litasema.

Nisalimie Paulina, na usimwambie kwa ukali, hana kosa. Tereza anakusalimu, yeye bado hajui, anakusifu kila tukila. Wasalimie wajukuu, na huyo Mheshimiwa kama bado yu hai.

Ni mimi, niliyekuwa nikikuita ndugu,
Damas

Neno moja lililobaki. Ukisikia wakisema kituoni kwamba na mimi naweza kufunga fundo hilo, waambie zamani ndiyo. Jana Elieth alinifundisha kufunga zizi kwa fundo la watu wote. La babu nimekuachia wewe. Sasa lina mwenyewe mmoja.