Vyombo Chini ya Kitanda

Jumatatu, 6 Oktoba

Sinki limeziba tena. Maji yamesimama, rangi yake chai ya juzi. Mkwe wangu kalitazama, kaitazama saa, kasema liache hivyo hivyo, baba, fundi bomba anakuja Alhamisi. Kisha akamshika mkono Bosi wakaondoka, yeye saluni kwake, Bosi chekechea. Bosi ni mjukuu wangu. Ana miaka minne na ndiye anayeendesha nyumba hii. Mwanangu yuko safarini na lori, hadi Jumamosi.

Liache, baba. Kaa tu, baba. Pumzika. Miaka arobaini na miwili nimeshona suti za watu wazito, leo nishindwe na sinki!

Ni kweli, mwezi uliopita niliacha gesi inawaka chini ya sufuria tupu. Mara moja! Lakini mwanangu alikuja akaketi kitandani kwangu, akaitazama sakafu, akasema likitokea jambo jingine itabidi niende kwa dada yangu, kule kuna watu wengi wa kunitazama. Kunitazama — mimi ni televisheni? Kwa dada ni safari ya siku nzima. Bosi nitamwona mara moja kwa mwaka, atanisahau. Naandika wazi kwa kuwa hapa hasomi mtu: sitaki kwenda, na naogopa.

Basi nimeshuka duka la vifaa vya ujenzi, pale kona. Mwenye duka kanichotea dawa ya kuzibua kutoka kwenye pipa, kanimiminia kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa. Haina karatasi, haina jina. Kali hiyo, mzee, usiiguse — ndiyo maelezo yote. Nimeiweka rafu ya juu kabisa, juu ya kichanja cha vyombo, Bosi asiifikie. Kesho wakishatoka naimwaga kwenye sinki. Jioni watakuta maji yanakimbia, na mimi nimekaa kimya kama si mimi.

Jumanne, 7 Oktoba

Mungu wangu.

Chupa imevuja. Sijui ni kifuniko, sijui dawa yenyewe imetafuna plastiki. Saa tatu asubuhi naingia jikoni, wao wameshaondoka, nasikia kitu kinachemka — na jiko limezimwa! Ni ile sufuria ya alumini, ya mchuzi. Dawa imedondokea ndani, inatoa povu yenyewe, na moshi wa kukereketa koo. Imechuruzika kichanja kizima. Sahani, glasi, vijiko, mwiko. Na kikombe cha Bosi, kile cha plastiki chenye masikio ya sungura. Saa moja kabla alikuwa amekinywea uji! Nimekaa chini sakafuni kwanza.

Halafu kazi. Madirisha wazi. Glavu za mkwe za kufulia. Sinki limeziba, kwa hiyo maji ya kusuuzia nayamwaga wapi? Chooni. Ndoo baada ya ndoo, kutoka jikoni hadi chooni, mgongo unalia. Kila chombo mara kumi na mbili. Nimehesabu kwa sauti, kama ninavyopima kitambaa.

Dawa hii inateleza kama sabuni, niliona iliponirukia mkononi juu ya glavu. Basi nikasema, kikiteleza bado ipo, kikikwaruza imetoka. Nikavua glavu nipime. Hapo ndipo nilipochoka. Vidole vyangu! Sindano zimevitoboa miaka yote hiyo, ni sugu tupu. Nikipitisha kidole kikombeni sisikii utelezi, sisikii ukavu, sisikii chochote. Nimekigusisha shavuni. Mwishowe nimekilamba ukingoni, mtu mzima na mvi zangu. Ulimi umewasha. Au ni wasiwasi? Nikalamba glasi ambayo haikuguswa, nilinganishe. Nayo imewasha.

Sufuria ndani imekuwa nyeusi, ina vitundu kama imedonolewa na kuku. Nimeifunika, nimeiweka nyuma ya zile nyingine.

Mkwe karudi jioni, kanusa. Kasema leo jikoni kunanukia usafi. Nimesema ndiyo, nimefanya usafi kidogo.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimerudi dukani. Nimeuliza tu, taratibu, ile ya juzi ni dawa gani hasa, ina nini ndani? Kasema ni dawa ya masinki. Nikasema najua, lakini jina lake? Kasema yeye huletewa na mtu, na mtu huyo naye huletewa. Akaangalia mlangoni, akashusha sauti: mzee, kama kuna tatizo, usinitafutie matatizo mimi. Watu wengine wakaingia, akageuka kuwahudumia.

Nikaenda kwa dada wa duka la dawa, ng'ambo ya barabara. Nimemwambia ni jirani yangu aliyemwagikiwa na dawa ya sinki kwenye vyombo. Jirani! Aibu ilinivaa hadi masikioni. Lakini yeye kanisikiliza kama mtu. Glasi na chuma kisichoshika kutu, maji mengi, tena mengi, vitafaa. Mwiko utupwe, mti unanyonya. Plastiki yenye mikwaruzo itupwe. Alumini ikishaliwa na dawa, itupwe. Asithubutu kumwagia siki wala dawa nyingine juu yake. Halafu: lakini babu, bila kujua ni dawa gani, siwezi kumwapia jirani yako kitu.

Nami ndiye niliyetaka kuapiwa.

Kutupa, sawa, wapi? Jalala la mtaa huu lina wateja wake kila asubuhi. Sufuria kama ile haikai dakika tano, itaokotwa, itapikiwa watoto wa mtu. Kuitoboa kunataka nyundo, na nyundo ni kelele, na jirani wa chini ana mdomo. Kikombe nimekiwekea mkasi wangu wa kazi nikikate. Yale masikio ya sungura yakanitazama. Nimeshindwa, nimeuweka mkasi chini.

Vyote vitatu, sufuria, mwiko na kikombe, viko kwenye mfuko, chini ya kitanda changu. Ni kwa muda tu, mpaka nipate akili.

Alhamisi, 9 Oktoba

Fundi bomba kaja na waya wake, robo saa, kazi imekwisha. Katoa nywele za saluni nzima na kiatu cha mwanasesere. Dawa wala haikuhitajika!

Bosi kataka kikombe chake. Nilikuwa nimemnunulia kingine, cha njano. Kakitazama, kanirudishia kwa mikono miwili: babu, hiki si changu, rudisha kwa mwenyewe. Kalala hajanywa maziwa.

Mkwe kauliza mwiko uko wapi. Nimesema sijui. Kauliza sufuria ya mchuzi. Nimesema sijui. Hakunigombeza. Kafungua kabati zote, kisha kafungua friji. Friji! Anadhani nimeweka mwiko kwenye friji.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemsikia mkwe akiongea na mwanangu kwa simu, yuko kibarazani, mlango umerudishwa nusu. Anamwambia: vitu vinapotea. Baba ukimuuliza, anasema hajui. Ile gesi, na sasa hii. Na kuna siku nilikuta jikoni kumelowa hadi chooni. Akasikiliza kidogo. Akasema: hapana, usimfokee, si kosa lake.

Si kosa langu! Ni kosa langu, mama! Nakumbuka kila kitu, siku, saa, idadi ya ndoo. Akili yangu haijawahi kuwa kali hivi. Kuthibitisha kuwa sijasahau, sharti niseme nilichofanya. Nikisema nilichofanya, nakwenda kwa dada yangu. Nikinyamaza, nakwenda kwa dada nikiwa mwendawazimu. Nimesimama nyuma ya mlango nimeshika kitasa, na sikutoka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mwanangu karudi. Kaniletea shati jipya. Mshono wa kola umepinda, nimelivaa hivyo hivyo.

Kaniuliza leo ni siku gani. Nimemjibu. Kauliza mwezi. Nimemjibu, na kumtajia tarehe aliyozaliwa, na mvua iliyonyesha siku hiyo, na jina la mkunga. Katabasamu kama anavyomtabasamia Bosi akihesabu hadi kumi. Kasema Jumatatu tutakwenda kumwona daktari, kawaida tu.

Nilitaka kusema. Kweli. Nilishafungua mdomo. Bosi akaja kunikalia mapajani, akasema babu nishonee sungura, nikafunga mdomo. Kesho nitasema, asubuhi, kabla ya chai.

Jumapili, 12 Oktoba

Naandika nikiwa chooni. Nimekalia ndoo, mlango nimeufunga komeo. Daftari lilikuwa mfukoni mwa shati, penseli pia.

Sikuwahi. Mkwe aliingia mapema kubadilisha shuka, akafagia chini ya kitanda, ufagio ukagonga mfuko. Nilikuta wamevipanga juu ya godoro, sufuria, mwiko, kikombe. Mkwe ameziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamtoka. Hata hasira hana. Mwanangu akauliza polepole: baba, ulikuwa unavihifadhi?

Nikasema yote. Tangu sinki. Chupa, rafu, povu, ndoo, kulamba, duka la dawa, jalala. Nilisema vizuri, kwa mpangilio, kama nilivyoandika humu. Wakasikiliza hadi mwisho. Kisha wakatazamana.

Nikajisikia mwenyewe jinsi ninavyosikika. Mzee ameficha vyombo chini ya kitanda, anasema vina sumu. Ningekuwa wao, ningetazamana vilevile.

Mwanangu akauliza chupa iko wapi. Nilishaitupa, Jumanne. Sinki si lilizibuliwa na fundi, baba? Ndiyo, lakini mimi nilinunua kabla. Nikasema nenda pale kona ukamuulize, duka hufunguliwa hata Jumapili. Akaenda. Alikwenda kweli, namshukuru kwa hilo. Mimi nikavaa viatu kabisa, nikasimama dirishani, nikamwona anavuka, anaingia, anatoka. Alipanda ngazi taratibu mno. Akaniwekea mkono begani: baba, anasema hakujui. Anasema hajawahi kuuza dawa ya kupima, yeye anauza zilizofungwa tu.

Nikasema anaogopa. Nikasema mwongo yule! Nilipaza sauti. Mwanangu akasema sawa, baba. Sawa, baba. Mwanangu mwenyewe, niliyemfundisha kufunga kifungo!

Na dada wa duka la dawa? Leo amefunga. Na kwake aliyemwagikiwa ni jirani yangu, si mimi.

Mkwe akakusanya vile vyombo, akanishika kiwiko, akasema njoo tuvioshe pamoja, baba, uone mwenyewe ni visafi. Akaisugua sufuria kwa waya hadi ikang'aa, vile vitundu akasema ni uzee tu wa alumini. Akakishika kidole changu, akakitia ndani nihisi. Nihisi! Ningehisi na nini? Akaosha mwiko. Akaosha kikombe, Bosi akaruka-ruka anapiga makofi, kimepatikana, kimepatikana! Akakitia maziwa. Bosi akakiinua kwa mikono yote miwili.

Nilikipokonya. Maziwa yakammwagikia kifuani, akapiga yowe, akanitazama kama mtu asiyenijua. Tangu azaliwe sijawahi kumliza. Nikakimbilia huku.

Kikombe ninacho hapa, magotini. Nimekisuuza tena, tena, bomba liko wazi. Huenda ni kisafi. Huenda kilikuwa kisafi tangu Jumanne. Sijui, na hakuna wa kuniambia.

Mwanangu yuko mlangoni. Fungua tu, baba, hakuna aliyekasirika. Afadhali angekasirika! Mtu humkasirikia mtu mwenye akili zake.

Bosi naye kaja. Nimeona vivuli vya vidole vyake chini ya mlango. Kauliza: babu, kikombe kinaumwa? Nikamwambia ndiyo, kinaumwa. Akasema basi tusikiguse. Yeye peke yake kanielewa. Baba yake akamwondoa.

Sufuria! Nilichukua kikombe tu. Nasikia jiko limewashwa, na mwiko unagonga ukingo, ko, ko, ko, ndivyo mkwe anavyougonga kila siku. Nimepiga kelele mara mbili kutoka humu, msiipikie sufuria hiyo, mwiko huo msiutie! Mkwe kajibu kutoka jikoni, kwa sauti laini: sawa, baba, hatutaipikia. Na ko, ko, ko ikaendelea.

Nikifungua, watanipokonya kikombe. Nisipofungua, watakaa mezani kula. Mwanangu anasema mlangoni, taratibu, nitoke nile kabla hakijapoa. Harufu ya vitunguu imeshafika humu.