Mlango wa Kabati la Sukari

Shoga, nimekwisha!

Si unajua nilivyohangaika na yale makabati ya jikoni ya wakwe zangu? Nimeyapiga msasa, nimeyapaka rangi, hata bawaba nimezitia mafuta.

Leo mama mkwe karudi safari. Kafungua kabati la sukari. Kimya. Kafunga, kafungua tena. Kimya!

"Mwanangu, nani kaunyamazisha mlango huu?"

Nami kwa maringo: "Mimi, mama."

"Baba yenu ana kisukari. Mlango ukilia, popote nilipo najua anaiba. Huu ndio mlinzi wangu!"

Mlinzi, shoga! Na mimi nimemtia mafuta!

Kumbe ndiyo maana wiki nzima baba mkwe ananiombea: "Mikono yako ibarikiwe, mkwe wangu."

Kopo la sukari nililijaza Jumatatu. Nimelifungua sasa hivi, naona uso wangu kwenye bati la kitako chake.