Mwaga Gunia Lote

Wanjiru mjukuu wangu,

Huku Kabazi tuko salama, na guka, babu yako, bado anagombana na kuku wa jirani. Umeuliza kama daktari ananificha kitu, maana saratani imerudi na mimi bado nacheka.

Nikiwa msichana niliuza viazi sokoni. Vikubwa nilivipanga juu ya gunia, vidogo nikavificha chini. Siku moja mama mmoja akaniambia, "Mwaga gunia lote." Nikamwaga kwa aibu. Akanunua vyote, vikubwa vya kupika, vidogo vya mbegu. "Vidogo si shida," akasema. "Shida ni kuvikuta nikishafika nyumbani."

Basi juzi daktari alipoanza maneno matamu, nikamwambia, "Daktari, mimi nimeuza viazi. Mwaga gunia lote." Akacheka, akavuta kiti karibu. Akasema ugonjwa hautaisha kabisa, lakini dawa zinaweza kuutuliza, kwa muda gani hajui. Nikalia kidogo. Kisha nikamuuliza kama nipande msimu huu. Akasema nipande.

Nimeshapanda. Njoo tuvune. Na ukinipigia simu, wewe pia usinipangie vikubwa juu.

Shosho yako