Mukarakinga Wangu Ndani ya Supu

Jumapili jioni, Wamagana. Ukungu umeshuka mpaka kwenye majani ya chai.

Leo nimekunywa mti wangu.

Mukarakinga huo niliupanda mwenyewe kando ya jikoni, kwa mbegu nilizookota msituni nikiwa shule ya msingi. Sasa umenipita urefu. Majani yake hung'aa hata siku zisizo na jua. Mimi husomea vitabu vya shule chini yake kwa sababu hauniulizi kitu.

Huku kwetu mizizi yake huchemshwa kwenye supu ya mbuzi kama dawa. Sina ugomvi na hilo. Cucu, nyanya yangu, huchimba upande mmoja tu, hukata mzizi mwembamba, kisha hurudisha udongo na kuushindilia polepole kwa mguu.

Anko, ndugu yake baba, alifika kutoka Nanyuki na marafiki zake tukiwa kanisani. Niliporudi, ua mzima ulinuka manyoya ya mbuzi yaliyoungua. Walikuwa wakipitishana kikombe kimoja cha supu, midomo iking'aa mafuta. Anko akanisukumia.

"Kunywa, mwalimu. Hizo vitabu zitakumaliza damu."

Wakacheka. Kwa aibu, nikanywa. Ilikuwa chungu, na mafuta yakaganda kwenye meno yangu. Ndipo nikaona shimo nyuma ya Anko.

Walikuwa wamechimba kuzunguka mti wote. Mizizi ilikatwa kwa panga na kuachwa wazi juani, na ndani ya shimo mtu alikuwa ametupa taya la mbuzi, meno yakiwa bado yamo. Kando kulikuwa na furushi la mizizi, limefungwa kamba.

"Hiyo ni ya mabeste wa Nanyuki," Anko akasema, akimaanisha marafiki zake waliobaki huko.

Nilitapika nyuma ya choo.

Niliporudi alikuwa ameinama tena na panga, anatafuta mzizi mnene wa mwisho.

"Anko, huo hapana."

"Ati?"

"Ukikata huo, mti utakufa."

Alinitazama kana kwamba kuku ameongea. "Si ni mti tu, wewe." Lakini panga alilifuta kwenye nyasi, akaenda kujiongezea supu.

Walipoondoka nilitoa lile taya kwa kijiti, nikafukia mizizi, nikamwagilia maji. Kisha nikapunguza matawi karibu nusu, ili mizizi iliyobaki isilemewe. Mti wangu sasa unafanana na mtu aliyenyolewa kwa nguvu.

Nimenawa kwa sabuni na majivu. Mikono bado inanuka mafuta.

Asubuhi, kabla ya kuvaa yunifomu, nitaenda kuangalia majani yaliyobaki. Nikiyakuta yamelegea, Anko akija Krismasi nitaweza kumpa mkono?