Dakika Moja ya Kimya

Waridi uko? Nimejifungia kwa choo ya hii ukumbi ya sinema hapa tao, katikati ya jiji, na siwezi toka, sijui nicheke ama nilie.

Ile filamu nilikuambia, ya vile muziki ya soft rock ilivuma kwa mahoteli ya Nairobi na vile sasa vijana wameirudia. Nimemleta babangu. Alipiganga gitaa huko. Amevaa suti ya bendi, Waridi!

Picha yake ikatokea, na afro yake yote. Nikamfinya mkono.

Halafu sauti ya filamu ikasema, "Marehemu Mbuthia."

MAREHEMU. Watu wote wakafanya "woiye."

Na hakuna mtu wa hiyo filamu alikuja kumtafuta! Aliacha gitaa akaanza kuuza chakula ya kuku huko Waithaka, basi wakamzika akiwa hai.

Taa zikawaka. Emsii akasema tusimame dakika moja tumkumbuke Mbuthia. Nikamwambia, "Baba, waambie uko hai!"

Baba akasimama. Akainamisha kichwa kama wengine.

Nikamvuta koti. Akaninong'onezea, "Wachana nao, Shiku. Siku yenyewe hawatakuja wengi hivi."