Pilau ya Watazamaji

Jumamosi, 3 Mei
Nimechambua mchele wa Turiani, ule unaonukia mpaka nyumba ya tatu. Nyama iko jikoni. Kesho wanakuja watazamaji wa mwanangu Tatu. Yeye alisema watu kumi wanatosha, tuwape maji ya kunywa. Maji! Mtu aje kwangu anywe maji aondoke? Mtaa mzima ungenicheka.

Tatu anasomea filamu chuoni hapa mjini. Mimi niliishia la saba. Wanafunzi wamepewa kazi ya kutengeneza mwanzo tu wa filamu ya kutisha, dakika chache. Atakayeshinda atapewa kamera ya chuo amalizie filamu yake likizo. Lakini kwanza wawaonyeshe watu, wasikilize maoni, warekebishe. Arekebishe nini sasa? Kwenye filamu nimo mimi.

Ndiyo, mimi. Binti anashuka mlimani, njia ya Bigwa, ukungu kila mahali, mkungu wa ndizi kichwani. Anasikia mluzi. Anageuka, hakuna mtu. Kuna nyumba iliyohamwa, mlango wazi. Nimesimama mlangoni. Tatu aliniletea kanga iliyopauka nivae, nikakataa. Nionekane na watu nimevaa tambara? Nilivaa gauni nililoshona harusi ya mdogo wangu, na hereni.

Jumapili, 4 Mei
Wamejaa mpaka uani. Tulitundika shuka ukutani, picha ikatoka vizuri.

Tatu alikuja na vikaratasi na kalamu. Kila mtu aandike, bila jina, wapi ameogopa na wapi amechoka. Nikavikusanya nikaviweka kabatini. Wageni wangu si wanafunzi. Watasema kwa mdomo, wakishakula.

Nilipotokea mlangoni, vigelegele! Mama Hawa, jirani yangu wa ukuta mmoja, akapaza sauti: "Mama Tatu huyo! Kapendeza huyo!" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nilifurahi jamani. Tatu hakuwa anaangalia shuka. Alikuwa anaangalia watu.

Baada ya kula wakasema mmoja mmoja. Nzuri. Hongera. Haina kasoro. Mama Hawa akaanza, "Ila pale mlangoni, shoga..." Nikamwongezea nyama. Akasema nzuri sana.

Tunaosha vyombo, Tatu ananiuliza kama nimeona mtu hata mmoja ameogopa. Nikamwambia aache ukorofi, watu wamefurahi.

Jumatano, 7 Mei
Tumegombana. Anataka kuondoa kipande changu. Au turudi Bigwa tupige tena, nivae ile kanga, uso usionekane. Uso wangu umemkosea nini?

Nikamwambia, mwalimu si alisema usikilize watazamaji? Watazamaji wote wamepiga makofi pale pale. Unajua kuliko watu wote wale?

Akarudi kwenye filamu yake. Kipande changu amekiacha. Nimeshinda. Nimemkaangia samaki.

Jumatatu, 12 Mei
Nimekwenda chuoni. Sikualikwa, nilijialika. Nilivaa lile gauni, nikakaa mbele. Mwalimu wao akaniamkia shikamoo kwa heshima zote.

Ikaja zamu ya Tatu. Ukungu. Binti. Mluzi. Ukumbi kimya. Msichana nyuma yangu alimshika mwenzake mkono. Nikasema moyoni, huyo ndiye mwanangu.

Halafu nikatokea mimi.

Wakacheka. Ukumbi mzima. Haikuwa kwa ubaya. Kijana mmoja akasema, "Karibuni, chakula kipo tayari!" Wakacheka tena. Na kweli, natabasamu. Nimesimama kwenye nyumba ya kutisha natabasamu kama mama wa bibi harusi. Nyumbani sikuliona hilo, macho yangu yalikuwa kwenye hereni.

Baada ya hapo hakuna aliyeogopa tena. Mluzi wa pili ulipolia walikuwa bado wanacheka.

Mwalimu akamuuliza Tatu watazamaji wake walisema nini, na yeye alibadilisha nini. Angeweza kuninyooshea kidole. Nilikuwa pale pale mbele. Akasema walisema nzuri, hakubadilisha kitu. Mwalimu akauliza, "Uliwauliza vipi?"

"Niliwauliza vibaya, mwalimu."

Kamera amepewa kijana wa Kisaki. Watu walimwambia hawaelewi, akarudia. Wakamwambia ndefu, akakata.

Tumerudi kwa miguu. Hakunilaumu. Bora angenilaumu.

Jumatano, 14 Mei
Nimemfuata Mama Hawa ukutani. Nikamuuliza, siku ile ulitaka kusema nini?

Akaona haya. "Shoga, nilikuwa nimeshika sahani yako. Ningesemaje?"

Nikamwambia sema sasa, sahani huna.

Akasema angeogopa zaidi kama mlango ungebaki mtupu. Alipoona ni mimi, akajua binti yuko salama, amefika kwa Mama Tatu.

Maneno mazuri. Yameniuma.

Nikaenda kumwambia Tatu, nikidhani namletea jipya. Akasema alijua tangu siku ya kupiga picha. Sasa kwa nini hukuniambia siku ile ile, mwanangu?

"Ulikuwa umefurahi sana, mama."

Kumbe hata yeye alikula pilau yangu akanyamaza. Nimemfundisha mwenyewe. Hapa kwangu mtu akipewa kitu husema nzuri, basi. Nililiita hilo heshima. Limemnyima kamera.

Sikupika jioni. Tulikula mkate.

Jumapili, 18 Mei
Mvua tangu alfajiri. Milima haionekani.

Tatu ameondoa kipande changu, ingawa hakuna tena wa kumpelekea. Aliacha simu kwenye kigoda jikoni, filamu iko tayari. Hakunibembeleza niangalie. Nikafuta mikono, nikaangalia.

Binti anashuka. Mluzi. Mlango wazi. Hakuna mtu, giza tu la ndani. Nikangoja. Nywele zilinisimama. Mlango ule ule niliposimama, jamani.

Nzuri mwanangu, hakuna kama wewe. Neno hilo lilikuwa mdomoni. Nikalimeza.

Nikamwambia mluzi wa kwanza unalia mapema mno. Binti bado yuko karibu na watu, nyuma yake kuna moshi wa jiko la mtu. Mimi pale siogopi, ningepiga tu hodi.

Ni mara ya kwanza kumwambia kazi yake ina kosa.

Akachukua simu, akarudisha nyuma.

"Wapi, mama?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akasogea, tukaangalia tena wote wawili, maharage yakichemka.